Kinyume cha Njia ya Mbao

Ukishaipita Ifunda kwa barabara kuu ya kutoka Iringa kwenda Mbeya, mashamba ya mahindi na alizeti yanaanza kuipisha miti. Hewa inapoa, ardhi inapanda kuelekea mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na kabla ya kuingia Mafinga karibu kila kilima kina misindano, ambayo wengi huiita paini, au mikaratusi iliyonyooka. Malori yanayopishana na basi hapo yamebeba mbao kwenda Dodoma na Dar es Salaam. Mimi nilisafiri kinyume cha njia ya mbao hizo: nikaanzia sokoni ubao unakouzwa, nikarudi kwenye mashine inayoupasua, kisha kwenye kisiki, na mwisho kwenye shimo la mche. Safari ya namna hiyo ina faida yake, kwa sababu kila kituo kinaonesha makosa yaliyofanyika kituo kilichokitangulia katika njia ya mbao. Hoja niliyoijenga njiani ni moja. Katika shamba la miti la mtu binafsi, usalama na faida ni kazi ileile. Kinachomuumiza mkataji ndicho kinachompunguzia mkulima mbao, na vyote viwili huwa vimekwisha kuamuliwa miaka mingi kabla msumeno haujawashwa.

Mafinga panafaa kuanzia kwa sababu mji wenyewe umekuzwa na miti. Jirani yake liko Sao Hill, shamba la miti la serikali lililo kubwa kuliko yote nchini, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Lina takriban hekta 135,000 ukijumlisha maeneo yasiyopandwa. Majaribio ya kupanda yalianza mwaka 1939, na upandaji mkubwa ukafuata miaka ya 1960 na 1970. Siku hizi, hata hivyo, kutoka Mufindi hadi Kilolo, Njombe, Makete na Ludewa, miti mingi unayoiona si ya serikali. Ni ya mwalimu mstaafu mwenye ekari tatu, ya kikundi cha kijiji, ya mfanyabiashara wa Dar es Salaam aliyenunua ardhi na kuja kuiangalia likizo hadi likizo. Shamba la serikali lina meneja, mpango wa usimamizi, wakaguzi wa moto na magari. Shamba la mtu binafsi lina mwenyewe, simu yake, na vibarua watakaopatikana siku hiyo. Kazi ya kuangusha mti wenye uzito wa mamia ya kilo ni ileile kote kuwili. Kilichopungua ni mtu wa kuipanga.

Katika yadi za mbao za Mafinga, shika ubao mmoja wa inchi moja kwa nane, wa futi 12, uutazame kwa jicho moja kutoka kichwani. Ubao mwingi wa mashamba madogo una unene unaobadilika: mwanzo inchi kamili, katikati umenenepa, mwisho umepungua. Ugeuze uso wake. Vifundo vyekundu vilivyoshikamana na ubao vimetokana na matawi yaliyokuwa hai. Vile vyeusi, vilivyolegea, ambavyo ukivigonga kwa kidole gumba hudondoka na kuacha tundu, ni matawi yaliyokufia mtini bila kupogolewa, shina likayameza. Hapa na pale kuna madoa ya rangi ya bluu, kazi ya kuvu wanaoingia kwenye gogo lililoangushwa na kuachwa likisubiri mashine. Mnunuzi anayaona haya yote na kukata bei bila maelezo marefu. Lakini kila alama hapo ni taarifa pia ya namna kazi ilivyofanyika: unene usio sawa unasema habari za mashine, kifundo cheusi kinasema habari za upogoleaji, na doa la bluu linasema kwamba waliokata walikwenda kasi kuliko waliopasua, magogo yakalala mvuani.

Mashine inayotoa mbao nyingi za namna hii inajulikana kote Nyanda za Juu Kusini kwa jina la dingdong. Ni msumeno wa duara unaozungushwa na injini ya dizeli kwa mkanda, mwepesi kiasi cha kuhamishiwa shambani na kufungwa kando ya magogo. Ubora wake ni huo wa kuhamishika: unafika pasipo barabara ya lori. Udhaifu wake ni kwamba mara nyingi meno yake hayana kikinga, mkanda unazunguka wazi, na gogo linasukumwa kwa mikono. Tuseme msumeno huo unakula milimita 8 kila unapokata. Kwa kuwa ubao wa inchi moja una milimita 25, karibu robo ya mti uliopita hapo imegeuka vumbi, na bado hatujahesabu mabanzi. Sasa tazama kule kuyumba kwa unene. Ubao unakuwa mnene na mwembamba kwa sababu gogo linacheza juu ya meza, na gogo linalocheza ndilo linaloivuta mikono ya msukumaji kuelekea kwenye meno. Reli nyofu za kuongozea gogo, kikinga cha chuma juu ya msumeno na boksi la mbao juu ya mkanda ni vitu anavyoweza kuvitengeneza fundi wa kuchomelea wa Mafinga. Vikiwekwa, ubao unanyooka na vidole vinabaki kumi.

Pale Nyololo njia inachepuka kushoto kuelekea Igowole na Mgololo, na ukiingia humo utaviona visiki. Kwa mwenye kutaka ushahidi, kisiki ni bora kuliko maelezo ya mtu yeyote, maana hakiwezi kubadili kauli. Kisiki cha mti uliokatwa vizuri kina sehemu tatu. Upande ambao mti uliangukia kuna mdomo, mkato wa kabari ulioingia hadi kama robo ya kipenyo. Upande wa pili kuna mkato wa nyuma, uliopita sentimita chache juu ya sakafu ya mdomo. Katikati umebaki ukanda wa nyuzi zilizovunjika, upana wake kama sehemu moja ya kumi ya kipenyo. Hiyo ndiyo bawaba, nayo ndiyo iliyouongoza mti hadi ukatua ulipokusudiwa. Visiki vingi vya mashamba madogo havina bawaba wala mdomo. Vimekatwa upande mmoja hadi mwisho, au pande mbili zisizokutana, na juu yake zimesimama nyuzi ndefu kama mikuki. Nyuzi hizo zinasema kwamba shina lilianza kupasuka kwenda juu kabla halijaanguka. Mkaratusi ulioinama hufanya hivyo kwa nguvu ya kutisha: kipande cha nyuma huinuka ghafla mbele ya uso wa mkataji. Na kipande hichohicho kilichochanika kimetoka kwenye gogo la chini kabisa, lililo nene na lenye thamani kuliko yote.

Kipo pia kimo cha kisiki. Mkataji asiyejiamini, au asiyefyeka majani na matawi ya chini kabla ya kuanza, hukata akiwa amesimama wima, na kisiki kinabaki na sentimita 40 badala ya 10. Chukua mti wenye kipenyo cha sentimita 30: zile sentimita 30 za ziada ni takriban mita za ujazo 0.02. Kwa miti 300, ambayo inaweza kutoka kwenye ekari moja tu, mkulima ameacha ardhini zaidi ya mita za ujazo 6 za sehemu iliyo bora ya mti. Kufyeka kuzunguka shina, ambako ndiko kunakomwezesha mtu kuchuchumaa akate chini, ndiko pia kunakomfungulia njia ya kukimbilia, kwa mshazari kurudi nyuma, mti unapoanza kulia. Dakika mbili za panga zinanunua vitu viwili kwa mpigo.

Katika vijiji vya njia hii, na kwa kweli nchi nzima, kuna usemi unaofunga mjadala wa namna hii: ajali haina kinga. Nauheshimu usemi huo panapohusika radi au upepo uliogeuka ghafla. Katika kazi ya miti hauna nguvu, kwa sababu ajali za miti hujirudia kwa sura zilezile: mti ulionasa kwenye mwenzake na kuanguka baadaye, msumeno uliorushwa nyuma baada ya ncha yake kugusa tawi, gogo lililoviringika mteremkoni, mtu wa tatu aliyesimama ndani ya urefu wa mti unaokatwa, kibarua aliyepanda juu ya shehena ya magogo. Jambo lenye sura tano zinazojulikana lina kinga tano zinazojulikana. Shirika la Kazi Duniani liliziandika katika mwongozo wake wa usalama wa kazi za misitu wa mwaka 1998, na nyingi hazina gharama: asiyehusika akae umbali wa urefu wa miti miwili, mti ulionasa usiachwe ukining'inia wala usipitwe chini yake, mtu asikate peke yake, msumeno usiinuliwe juu ya mabega.

Wapo wanaojibu kwamba wazee wamekata miti miaka yote bila kufundishwa na mtu. Jibu hilo lina kasoro mbili. Kwanza, wazee tunaowasikia ni wale waliosalimika. Waliolemazwa au kufa hawapo kwenye mazungumzo. Pili, wazee hao wengi walikata kwa shoka na msumeno wa watu wawili. Shoka linampa mtu nafasi ya kusikiliza mti. Mnyororo wa chensoo iliyokanyagiwa mafuta unapita kwa kasi ya karibu mita 20 kwa sekunde, na kishindo chake kinafunika sauti ya nyuzi zinazokatika, sauti iliyokuwa ikiwaonya wazee hao. Chombo kimebadilika, na uzoefu wa chombo cha zamani hauhamii wenyewe kwenye kipya. Anayesema dawa ni kununua kofia ngumu tu naye hajamaliza hoja. Nchini Marekani, ambako vifaa vya kujikinga na mashine vipo tele, mwaka 2022 wakata miti walikufa kazini kwa kiwango cha takriban 100 kwa kila wafanyakazi 100,000, wakati wastani wa kazi zote haukufika 4. Vifaa vinapunguza jeraha. Kinachozuia tukio lenyewe ni mpangilio wa shamba na wa kazi.

Ndiyo maana, ukitoka Makambako na kushika barabara ya Njombe, swali linahama kutoka kwa mkataji kwenda kwa mpandaji. Ekari moja iliyopandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa mita 3 inachukua miche 450 hivi. Ikipandwa kwa mita 2 kwa mita 2, inachukua zaidi ya 1,000. Mkulima anayebana anaamini kwamba miti mingi ni fedha nyingi, lakini ardhi na mvua havijaongezeka. Kilichoongezeka ni wagawanaji. Miti inarefuka kutafuta mwanga bila kunenepa, matawi ya chini yanakufa, na vilele vinashikana. Siku ya kuvuna, mti wa kwanza unaokatwa hauna pa kuangukia, kwa hiyo unanasa. Hapo ndipo fundi anapokata na ule ulioushikilia, au kuingia chini yake kuukata vipande, na hayo mawili ni katika mambo ya hatari kuliko yote katika kazi hii. Kwa hiyo mti ulionasa ulitegwa siku ile kamba ya kupimia mashimo ilipofupishwa. Upogoleaji nao una hesabu ileile: tawi lililoondolewa mapema halitaacha kifundo cheusi, halitaurusha msumeno, na halitaupandisha moto kutoka kwenye majani makavu hadi kileleni. Mikaratusi inayochipua upya visikini inataka uangalifu wa aina yake, kwa maana machipukizi manne yakiachwa kwenye kisiki kimoja yote huinama kwenda nje, na shina lililoinama ndilo linalopasuka.

Pingamizi hapa ni la kweli na linahitaji jibu la haki. Kupogolea na kupunguzia, yaani kutoa miti ya ziada, kunataka fedha mwaka wa tano au wa saba, wakati shamba halijatoa hata shilingi. Na ada ya shule haingoji mti unenepe. Ndiyo sababu wengi wanauza misindano ikiwa na miaka 10 au chini ya hapo, wakati mashamba ya serikali husubiri miaka 18 hadi 25. Siwalaumu. Lakini kubana na kutokupunguzia hakulitatui tatizo lao la fedha, kunalirefusha tu, kwa sababu miti iliyobanana ndiyo inayochelewa kufikia unene wa kuuzika. Miti inayotolewa wakati wa kupunguzia haitupwi: ina soko la kuni na mirunda ya ujenzi, na viwanda vinavyomenya magogo kuwa tabaka nyembamba za plaiwudi vinanunua hata mikaratusi myembamba. Mwenye ekari tatu anaweza kupanda ekari moja kila baada ya miaka michache, ili asifike siku ambayo lazima auze miti yote, michanga kwa iliyokomaa, kwa bei ya dalali. Anayeuza kwa dharura ndiye pia anayeharakisha ukataji, na haraka hiyo inaishia mwilini mwa kibarua.

Pingamizi la vifaa nalo lina uzito wake. Suruali ya kinga, yenye nyuzi zinazoukwamisha mnyororo pale unapoigusa, helmeti yenye wavu na vizuia sauti, pamoja na buti zenye chuma, kwa pamoja ni mtaji mkubwa kwa fundi anayelipwa kwa idadi ya miti. Wengi hufanya kazi na gambuti, wengine kandambili. Hata hivyo kuna kifaa kimoja kisichomshinda yeyote, nacho ni tupa. Tazama kinachotoka kwenye msumeno: ukiwa mkali unatema chenga, ukiwa butu unatema vumbi laini, na fundi anaanza kuusukuma kwa nguvu ya mabega. Msumeno unaosukumwa unakwenda mshazari, unakula mafuta zaidi, unachosha mikono kwa mtetemo, na unateleza kirahisi. Fundi anayesimama kunoa kila anapojaza mafuta anaonekana kupoteza muda. Ukihesabu miti aliyoiangusha jioni, hajapoteza kitu. Mafunzo pia yako karibu kuliko inavyodhaniwa. Mafinga kuna kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao, FWITC, kilichoanzishwa chini ya programu ya Panda Miti Kibiashara iliyofadhiliwa na Finland.

Ukiendelea kusini ya Njombe kuelekea Ludewa, au mashariki kuelekea Lupembe, unafika mahali ambapo juhudi za mtu mmoja zinagonga ukuta. Miezi ya kiangazi, mashamba ya mahindi yanapoandaliwa kwa kuchomwa, moto unavuka mipaka bila kuuliza hati ya kimila ni ya nani. Mkulima mwenye ekari moja ya mraba, upande wake mita 64 hivi, akitaka kuizungushia njia ya moto ya mita 10 ndani ya mpaka wake, atakuwa ametoa zaidi ya nusu ya ardhi yake. Hesabu hiyo inamkatisha tamaa yeyote. Lakini majirani wenye ekari 10 zinazopakana, wakizungushia njia moja ya pamoja, watatoa chini ya sehemu moja ya tano. Wakiwa na ekari 40, chini ya sehemu moja ya kumi. Njia hiyohiyo ya moto ndiyo barabara ya kutolea magogo, ndiyo pa kupitishia majeruhi kumfikisha kwenye gari, na ndiyo mpaka unaoondoa ugomvi. Vikundi vya wakulima wa miti vilivyoundwa katika vijiji vingi vya mikoa hii vina maana kubwa hapa: kikundi kinaweza kununua seti mbili za mavazi ya kinga, kumpeleka fundi mmoja mafunzoni, na kumkodisha kwa wanachama wote.

Linabaki pingamizi la mwisho, ambalo ndilo linalopendwa zaidi na wenye mashamba wanaoishi mjini: nimeuza miti ikiwa imesimama, kwa hiyo wakataji ni wa mnunuzi, na likitokea la kutokea ni juu yake. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, iliyoanzisha mfuko wa WCF. Sheria hizo zimejengwa juu ya mwajiri anayejulikana. Shambani mnunuzi amemtuma dalali, dalali amempata fundi, fundi ameita vibarua, na mtu anapovunjika mguu mnyororo huo unakatika kila pete. Lakini tuuweke kando utu kwa muda, tutazame mfuko wa muuzaji peke yake. Bei ya mti uliosimama hukisiwa kwa jicho, na mnunuzi anayejua kwamba watu wake wataacha visiki virefu, watachana magogo ya chini na kupasua mbao zilizopinda, huukata upotevu huo kwenye bei mapema. Mwenye shamba anadhani hatari na hasara ameziuza pamoja na miti, kumbe amezilipia. Juu ya hayo, miti ya jirani iliyoangukiwa, udongo uliochimbuliwa na matawi makavu yaliyoachwa kungoja moto vinabaki kwake.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye shamba dogo hauanzi na orodha ya vifaa. Unaanza na makubaliano. Apime miti yake kipenyo kwa utepe kabla hajaongea bei. Aandike kwenye karatasi ya mauzo kimo cha mwisho cha kisiki, upande wa kuangushia, njia ya kutolea magogo, idadi ya watu watakaoruhusiwa eneo la kukatia, na nani atagharimia matibabu. Ajue kabla ya siku ya kwanza ni wapi shambani simu inashika mtandao na gari litaingilia wapi, kwa sababu jeraha la chensoo halisubiri mtu aulizie njia. Abadilishe pia namna ya kulipa. Ukimlipa fundi kwa idadi ya miti iliyoanguka, umenunua kasi, na kasi ndiyo atakayokupa. Ukimlipa kwa ujazo wa magogo mazima yaliyofika barabarani, atapata sababu yake mwenyewe ya kukata chini, kufungua mdomo, kuacha bawaba na kunoa msumeno. Hakuna mkaguzi atakayefika kila shamba kati ya Ifunda na Ludewa. Malipo yanafika kila shamba, na yakipangwa vizuri yanafanya kazi ya mkaguzi.